Senene Hawana Butura

Anayesema Nshamba hakuna duka la vyakula vya kifahari hajafika hapa stendi mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zikiwa zimeshika. Vioo hatuna. Friji la kunguruma hatuna, wala kijana mwenye aproni anayekukatia jibini slesi nyembamba huku akikuita mteja wetu mpendwa. Tulicho nacho ni beseni. Limewekwa juu ya ndoo iliyofudikizwa, limefunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, na mwenyewe amekaa nyuma yake kwenye kigoda, kanga kiunoni, anaangalia barabara utadhani hataki kuuza. Hiyo ndiyo kaunta, na bei za pale si za mchezo. Kilo ya senene walioandaliwa vizuri inaipita kilo ya nyama ya ng'ombe, na haijaanza leo.

Sisi wa kijiwe cha fundi baiskeli tunakaa hatua chache kutoka hapo, kwa hiyo wateja wote tunawaona kabla mama hajawaona. Fundi ana kipimo chake. Mtu akishuka kwenye gari na miwani ya jua ameipandisha kichwani, fundi anasema kimya kimya, "Huyo anakuja kuomba kupunguziwa." Hajakosea mara nyingi.

Juzi kashuka mmoja wa namna hiyo. Mtoto wa hapa hapa, si mgeni, ila Dar imemkaa mwilini. Gari la kukodi kutoka uwanja wa ndege Bukoba, viatu vyeupe kwenye udongo wetu mwekundu, jamani! Kasalimia vizuri, hilo nampa. Kafunua kitambaa mwenyewe, kachota kwa vidole, kaonja. Kaonja tena. Kaonja na wa mke wake aliyebaki garini. Ndipo akauliza bei.

Bei ikatajwa.

"Aa, mae! Mbona hivyo? Si wanaanguka bure tu kutoka angani? Kwani mnawafuga?"

Kijiwe kizima kilisonya kwa pamoja, hata mzee wa bao aliyekuwa amepoteza kete tatu alisahau kuhesabu. Fundi akainua kichwa kutoka kwenye gurudumu. "Mvua nayo inaanguka bure, mdogo wangu. Mbona Dar mnanunua maji ya chupa?"

Jamaa akacheka, maana Mhaya hakubali kushindwa kwa maneno mbele ya watu. Akalipa, lakini pungufu, kwa ile lugha ya "mimi ni mwenyeji bwana, hii nyingine utanidai." Akaondoka na vikombe vyake vilivyojaa hadi kileleni, na nyongeza juu.

Nyoo! Mtu huyu huyu, Krismasi ikiisha, atasimama uwanja wa ndege anunue chupa ya maji na andazi lililofungwa kwa nailoni, atajiwe bei ya kutisha, na hatasema neno. Atapitisha kadi tu. Hatamwambia yule binti wa kaunta kwamba ngano inaota yenyewe. Kibandiko chenye namba kinamfunga mdomo. Bei ikitoka kwenye mdomo wa mama aliyekaa kwenye kigoda, hapo ndipo anakumbuka kwamba babu yake alikuwa na kibanja Ihangiro.

Hebu tuseme hao wanaoanguka bure wanafikaje kwenye kikombe. Senene hawaji kwa kalenda. Wanakuja usiku baada ya mvua, na wasipokuja hawaji. Anayewafuata alfajiri kwenye nyasi za rweya analoa hadi mapajani. Akirudi na mfuko, kazi ndiyo inaanza, maana senene mmoja ana mabawa, ana miguu ya nyuma yenye miiba, ana papasi, na vyote vinatolewa kwa mkono, mmoja mmoja. Keti na watoto wakinyonyoa senene uone. Vidole vinageuka rangi, vinateleza, vinanuka majani mabichi, na rundo la walionyonyolewa halipandi hata ukilikazia macho. Ndoo nzima ya senene wenye mabawa inakuwa nini baada ya kunyonyolewa? Sufuria ndogo. Na hapo bado hujawasha moto.

Kuwakaanga ni kazi ya mtu mwenye subira. Sufuria kavu, chumvi, labda kitunguu, na mafuta usiweke, usinitie aibu. Senene ana mafuta yake. Aliyekauka, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni protini. Kwanza wanatoa maji, wanatokota kama mboga. Maji yakikauka mlio unabadilika, mafuta yanatoka, wanaanza kujikaanga wenyewe. Wa kijani wanageuka dhahabu, wa kahawia wanaiva zaidi. Ukichelewa kidogo kuwaepua umekula hasara ya siku mbili. Mama wa stendi hana saa wala kipimajoto. Anasikiliza.

Wazee husimulia kwamba zamani mwanamke aliwakamata, akawanyonyoa, akawakaanga, kisha akawatenga mbele ya mume na yeye mwenyewe hakuruhusiwa kula. Mwalimu mstaafu wa kijiwe chetu, ambaye hawezi kuacha jambo lipite bila kulitolea mhadhara (nshomile kamili, na anajijua), huwa anaongeza kwamba hata upande wa Buganda mambo yalikuwa hivyo hivyo, na kwamba mwezi wa Novemba huko wameupa jina la senene. Sawa mwalimu. Mimi ninachokiona ni kwamba mwanamke ambaye bibi yake hakuruhusiwa kuonja, leo ndiye anayetaja bei. Hilo si dogo, na ndilo linalonifanya nikasirike jamaa wa miwani anapokuja kuomba kupunguziwa.

Kwa sababu niambieni, ni kitu gani kingine kinachotoka Nshamba ambacho mwenyewe wa Nshamba ndiye anakitajia bei?

Kahawa? Kahawa tunayo tangu kabla ya Mjerumani. Robusta ni mti wa kwetu huku magharibi mwa ziwa. Tuliitafuna kabla watu hawajafikiria kuichemsha na kuitilia maziwa: inachumwa mbichi, inachemshwa na majani yenye harufu, inakaushwa, mgeni akifika anapewa punje chache mkononi kabla hata ya kuulizwa shida yake. Hiyo ndiyo akamwani, na kwa heshima hakuna chakula cha kifahari kinachoishinda. Lakini bei ya kahawa ya maganda? Inatoka London, inapita mnadani, inapita KCU na vyama vya msingi, ikifika kwako ni habari tu, kama ya kifo cha mtu usiyemjua. Na hapo una bahati, maana umefika mpaka mavuno. Mwenzako alishauza zamani, kahawa ikiwa bado maua meupe mtini. Mtoto amefukuzwa ada, au mgonjwa yuko Rubya hospitali, anakuja mwenye fedha anaangalia matawi, anakadiria magunia, anakupa kiasi anachotaka yeye. Msimu ukifika anachuma yeye. Butura. Serikali imeikemea miaka nenda rudi, wakuu wa mikoa wameapa, na bado kila msimu unamsikia mtu anasema kwa sauti ya chini, "Ile ya upande wa chini kule si yangu tena."

Vanila basi? Vanila ndiyo ilikuja na maringo. Ua lake linafunguka siku moja tu, na huku hakuna mdudu wa kulichavusha, kwa hiyo unaamka asubuhi na kijiti unafanya kazi ya nyuki, ua moja baada ya jingine. Halafu unasubiri miezi tisa. Mwaka 2017 kimbunga kikaipiga Madagascar, na kufika 2018 kilo ya vanila iliyokaushwa ilikuwa imevuka dola 500 kwenye soko la dunia. Watu wakalala vibanjani na mapanga kulinda maganda yasiibwe. Kisha bei ikaporomoka kama ilivyopanda, na hakuna mtu wa Muleba aliyeulizwa, si wakati wa kupanda wala wa kushuka.

Sangara, nani hajui? Minofu inakatwa kwenye viwanda vya kando ya ziwa, inapanda ndege kwenda Ulaya. Mabondo yanakwenda China, na gramu zake zinahesabiwa kama dhahabu. Kwa miaka mingi kilichomrudia mwananchi pale Mwanza kilikuwa mapanki, kichwa na mifupa. Mzungu mmoja akaja kutengeneza filamu juu ya hayo, ikatoka mwaka 2004, na miaka miwili baadaye Rais Kikwete akaisema vikali hadharani kwamba imetuchafua. Mimi kwenye ugomvi ule simo. Ila mapanki niliyaona.

Ndizi nisiziseme. Mnyauko uliingia nchini mwaka 2006 kupitia wilaya hii hii ya Muleba, na mpaka leo kuna watu wananunua ndizi ambao baba zao walikuwa wanazigawa.

Kwa hiyo unabaki na nani? Senene. Senene hachanui, hana tawi la kuhesabiwa kabla ya wakati. Hakuna mwenye fedha anayeweza kusimama Septemba akakwambia "nakununulia senene watakaoanguka Novemba." Hana butura. Akianguka ameanguka kwa aliyeamka. Na ndiyo maana bei yake inatajwa na mama, mama mwenyewe, akiangalia barabara.

Nilipoyasema haya kijiweni, kijana wa bodaboda akasonya msonyo mrefu wa kunikatia maneno. "Mzee, wewe unaongelea senene wa kuokota kwenye majani. Hao wa siku hizi wana mwenyewe."

Akatueleza yale aliyoyaona mjini na upande wa Masaka, Uganda, alikokwenda kubeba mizigo. Mabati mapya yanasimamishwa wima kuzunguka mapipa. Taa kali za kuumiza macho zinawashwa juu, za jenereta kama umeme hakuna. Nyasi mbichi zinachomwa, moshi unapanda kwenye mwanga. Senene wanaifuata taa, wanazungukazunguka wamelewa moshi, wanajibamiza kwenye bati, wanateleza, wanaishia ndani ya pipa. Usiku mmoja mzuri, magunia. Mwenye mabati si aliyekuwa akiloa mapaja. Ni mtu wa mtaji, anayeweza kununua mafuta ya jenereta kwa usiku ambao hakuna atakayekuja, na kesho yake akawasha tena. Vijana wanaolinda mapipa wanalipwa kwa usiku, na macho yao asubuhi ni mekundu kama pilipili.

"Huyo," akasema bodaboda, "ndiye atakayemtajia mama yako bei."

Ikabidi ninyamaze, maana ana haki. Taa ndiyo butura ya senene ikifika Nshamba.

Mwalimu naye alikuwa na lake. Akatoa kwenye mkoba kichupa alicholetewa na mwanawe kutoka Dar. Kizuri, msibishe. Kifuniko cha rangi ya dhahabu, lebo yenye picha ya mgomba na jua linazama, maneno ya kuwasifia senene kwa protini, na chini kibandiko cha bei ambacho mwanawe alisahau kukibandua, au hakusahau. Kichupa kikazunguka kijiweni mkono kwa mkono. Fundi akasoma bei mara mbili, akakihesabu kwa jicho: hakifikii hata nusu ya kikombe cha stendi. Kikafunguliwa.

Harufu ikatangulia.

Kwa asiyejua ningemwambia hivi. Kitu chenye mafuta mengi namna ile kikikaa na hewa, kikakaa na mwanga kwenye rafu ya vioo yenye taa nzuri, kinachacha. Chupa yenyewe inayoonyesha kila kitu ndiyo inayoua. Bibi zetu waliwakausha senene vizuri, wakawafukiza, wakawaweka gizani juu ya moshi wa jiko. Hawakujua kemia, walijua harufu. Yule aliyefungasha kichupa alijua picha ya mgomba. Mzee wa bao aliweka mmoja mdomoni kwa heshima ya mwalimu, akatafuna mara mbili, akageukia upande wa mtaro.

"Kitu hiki," akasema mwalimu, anaumia kwa ajili ya mwanawe, "kimeandikwa tarehe ya mwisho ni mwakani!"

Mama wa stendi alikuwa anasikia yote. Hakusema neno. Alifunua tu kitambaa chake kidogo, akakirudisha.

Lakini nisije nikaonekana napigana na lebo. Lebo ni kitu kizuri ikiwa mkononi mwa mwenye beseni. Huyu mama akitaka senene wake wakae rafuni Bukoba au Mwanza, na si kwenye ndoo iliyofudikizwa, SIDO wapo tangu 1973 kwa ajili ya watu kama yeye, na vifungashio visivyopitisha hewa wala mwanga vinapatikana. Kazi ipo kwenye alama ya ubora. Tangu 2019 mambo ya chakula yamehamia TBS, na ili upewe alama lazima uwe na chumba cha kuandalia chenye ukuta unaosafishika, maji, choo, nguo za kazi. Ni haki kabisa, hakuna anayetaka kufa kwa senene. Ila piga hesabu ya chumba hicho kwa kitu kinachokuja wiki chache kwa mwaka, na mwaka mwingine kisije kabisa. Nani atakijenga? Yule yule mwenye mabati na jenereta. Akinamama wakiungana kumi, labda. Vikoba wanavyo, kuamka wanaamka. Tatizo kila mmoja ana namna yake ya kukaanga na hakuna anayekubali ya mwenzake.

Majirani zetu ndio walitupa kichekesho. Novemba 2021 video ikazagaa kwenye simu zote hadi za tochi zenye kioo kidogo: ndege ya Uganda Airlines iko safarini kwenda Dubai, jamaa amesimama katikati ya viti na mifuko yake ya plastiki, anauza senene, abiria wananyoosha mikono na kelele za sokoni. Ndani ya ndege! Watu wawili wakatiwa mbaroni kwa fujo ile. Na bado shirika lenyewe likasema linafikiria kuwaingiza senene kwenye menyu yake. Mwaka huo huo Ulaya ilikuwa ndiyo kwanza inaidhinisha funza wa unga kuwa chakula cha binadamu, baada ya FAO kuwaandikia ripoti nzima mwaka 2013 kwamba wadudu wanalika. Ebo! Wangeuliza Nshamba tungewajibu kwa barua moja.

Tukicheka hayo, mwalimu akarudi palepale. Akamgeukia mama. "Mae, mimi ningekushauri uandike bei ubaoni. Moja kwa wote. Huyu wa miwani asingekusumbua."

Mama akamtazama kwa upole ule wanaotazamwa nao watu waliosoma sana. "Nikiandika, waitu, na wewe utalipa hiyo hiyo ya kwenye gari?"

Mwalimu akakohoa.

"Na huyu fundi, aliyenizibia pancha bure juzi? Na mjane wa kule bondeni anayeleta wa kunyonyoa kwa mkopo? Kila mtu hapa ana bei yake. Mimi nazijua zote."

Mwalimu alikuwa anatafuta jibu, na angelipata, maana hajawahi kulikosa, lakini Hiace ya Muleba ikakata kona ikiwa imejaa watu na matenga ya kuku juu ya keria. Mama akawa ameshanyanyua beseni, kitambaa begani, kikombe mkononi, anakimbia kimo cha dirisha. Mikono ikatoka. Mmoja aliyevaa koti la suti akauliza bei. Aliyoitaja mama pale dirishani haikuwa ile aliyomtajia jamaa wa miwani. Ilikuwa imepanda.